Gari la Mama Pacha Lilipoanza Kunywa Mafuta

Mama Pacha alikuwa nesi wa watu wasioweza kutoka kitandani. Wodi yake ilikuwa mji mzima. Kila asubuhi alipakia kwenye gari lake dogo la kijivu sanduku la bandeji, dawa za kuoshea vidonda na ndoo yenye mfuniko, halafu akaanza kupiga hodi nyumba hadi nyumba. Hapa kidonda cha mgongo, pale mpira wa mkojo, kwingine binti wa kufundishwa namna ya kumgeuza mama yake bila kujivunja kiuno. Alikuwa mfupi, mwenye mikono mikubwa, na sauti ambayo wagonjwa wake walisema hufika kabla ya gari.

Zahanati ilimpa lita ishirini na tano za mafuta kila Jumatatu. Kwa miaka sita lita hizo zilimfikisha Jumamosi mchana, na mara nyingine zikabaki za kwenda sokoni. Ndipo wiki moja taa nyekundu ya mafuta ikawaka siku ya Ijumaa. Akadhani amezunguka sana. Wiki iliyofuata ikawaka Alhamisi jioni. Baada ya mwezi ikawa Alhamisi, saa sita mchana, kama vile imepewa zamu.

Hapo mambo yakawa mazito, maana wagonjwa wa Ijumaa walibaki bila mtu. Aliwafikia wawili kwa miguu. Wa tatu, mama mmoja mwenye kidonda cha kisukari mguuni, alikaa mbali, na Mama Pacha alipomfikia Jumatatu bandeji ilikuwa imegandamana na nyama. Aliibandua na kukisafisha kidonda kwa saa nzima. Alipotoka nje alisimama karibu na gari lake akaliangalia kama mtu anavyomwangalia ndugu aliyemwaibisha mbele za watu.

Akalipeleka kwa fundi. Fundi huyo aliitwa Redio, yeye na mdomo wake, ingawa mdomo wake ulistahili jina la peke yake.

"Mama, gari ni pumzi," Redio alisema, kichwa kimezama kwenye boneti. "Likishindwa kupumua litakunywa tu. Washa tusikie. Umesikia hapo? Hilo ni kohozi."

Akabadilisha plagi, akaondoa chujio la hewa lililokuwa jeusi kama sufuria ya kuni, akajaza upepo matairi yote manne. Kazi safi, na Mama Pacha alimshukuru. Wiki hiyo taa ilichelewa kidogo: ikawaka Alhamisi saa tisa badala ya saa sita. Basi. Redio alikuwa amesikiliza injini tu, gari likiwa limesimama. Hakuliendesha hata hatua kumi.

"Si injini, basi," Mama Pacha alimwambia mumewe. Mumewe alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa kibarazani, kwa hiyo mazungumzo yote ya nyumba ile yalipita juu ya mlio wa sindano.

"Labda wanakupunja kituoni," akasema Baba Pacha.

"Nimebadilisha vituo viwili."

"Labda linavuja."

"Nimelaza gazeti chini yake. Hata tone."

Baba Pacha akasimamisha cherehani. Macho yake yalielekea chumba cha uani, yakarudi haraka. Yalirudi yamechelewa. Mkewe alikwisha kuyaona.

Chumba cha uani alikaa mdogo wake Baba Pacha, mwashi wa miaka arobaini na ushee, mtu wa maneno machache. Alikuja kwa wiki mbili kazi ilipokatika, na sasa ulikuwa mwezi wa nane. Hakuwa mzigo. Alizibua bomba, alipiga plasta ukuta wa jiko, aliwasaidia pacha hesabu za shule. Na kila jioni aliliosha gari la shemeji yake, akaliingiza ndani ya geti, akabaki na ufunguo hadi asubuhi.

Kikulacho ki nguoni mwako, Mama Pacha alijisemea usiku huo, na methali ikishaingia kichwani huanza kutafuta mtu wa kumkalia. Siku mbili baadaye alikuwa anampelekea nguo zilizokauka, akakuta kwenye msumari nyuma ya mlango kumetundikwa mpira mwembamba unaopenyeza mwanga, urefu wa mita kama kumi, umekunjwa vizuri, kama ile ya kunyonyea mafuta kwenye tangi.

Hakungoja. Wakati wa kula, pacha wakiwepo, aliuleta mpira mezani akauweka kando ya sahani.

"Shemeji, huu wa nini?"

"Wa kupimia usawa," akasema. "Unautia maji, unashika ncha huku na ncha kule, unaona kama ukuta umelala sawa."

"Ukuta upi, shemeji? Kazi si huna?"

Vijiko vikasimama. Baba Pacha akasema, "Mama Pacha," kwa sauti ya chini, ile ya kumvuta mtu nguo.

"Sijasema kitu. Nasema mafuta yanakwisha, na ufunguo unalala kwa nani?"

Yule mwashi alimtazama, kisha akawatazama wale watoto wawili, ambao walikuwa wanaangalia sahani zao. Akatoa ufunguo mfukoni akauweka juu ya meza, taratibu, kama unavyoweka tofali la kwanza. "Chakula kilikuwa kizuri, shemeji," akasema, akanyanyuka.

Asubuhi chumba kilikuwa kimefagiwa. Hakukuwa na mwiko, ndoo, wala ule mpira.

Wiki iliyofuata Mama Pacha aliosha gari mwenyewe, akalala na ufunguo chini ya mto. Alhamisi saa tisa mchana, taa ikawaka.

Alikaa garini kandokando ya barabara akiitazama ile taa. Alikuwa mtu wa kazi ya ukweli. Ukiona homa haijashuka unajua dawa haikuwa ile. Alijua papo hapo. Lakini kujua ni kitu kimoja na kumwambia mume ni kingine. Baba Pacha alipouliza, "Mafuta vipi wiki hii?" alijibu kwamba afadhali. Pacha walipouliza Baba Mdogo anarudi lini, aliwaambia wakamalize kazi za shule.

Siku ya kumi baada ya kuondoka mwashi, alikwenda kwa mgonjwa wa kilimani. Huyu alikuwa dereva mstaafu wa malori aliyepooza upande wa kulia, na nyumba yake ilikuwa juu ya kilima kikali, geti linatazama mteremko. Mama Pacha alianza kumhudumia miezi mitatu nyuma. Siku ya kwanza tu gari lilirudi nyuma hatua moja likiwa limeegeshwa, akapiga kelele hadi majirani wakatoka. Tangu hapo, kila akifika, alivuta breki ya mkono kwa mikono yote miwili, meno ameyakaza.

Mzee huyo alishinda dirishani kwenye kiti. Ulimi wake ulikuwa mzito, na mkewe ndiye aliyemalizia sentensi, mara nyingine kabla hazijaanza.

"Anasema wewe dereva mbaya," mkewe akasema siku hiyo, Mama Pacha akiwa anamnyoosha mkono.

"Sijasema hivyo!" mzee akaguna. Akajikaza, akatoa maneno moja moja. "Ukiondoka. Mteremko. Mbona unakanyaga mafuta?"

"Nikanyage nini, baba? Gari lisiende?"

"Mteremko," akarudia, amekasirika kidogo. "Gari linashuka lenyewe. Lako linanguruma. Mtu anateremka kilima kama anakipanda!"

Mama Pacha akauacha ule mkono. Ilikuwa kweli. Siku za mwanzo akiteremka pale alikuwa anashika breki njia nzima. Sasa alikuwa anakanyaga mafuta, na hakuwa na habari, mguu ulikwisha kuzoea.

"Nifanye nini?"

"Mbele huko, tambarare. Toa gia. Tazama kama linabiringika. Halafu shuka." Mzee akainua mkono wake mzima, akafungua kiganja. "Shika magurudumu. Moja moja."

Aliteremka kilima akiwa na haraka ya mtu aliyeitiwa mgonjwa mahututi. Pale chini barabara iliponyooka, alitoa gia. Gari halikubiringika. Lilijivuta kidogo likasimama, kama punda aliyekumbuka jambo. Breki ya mkono ilikuwa imeshushwa hadi chini. Akatoka, akainama akagusa gurudumu la mbele kulia: vuguvugu. La mbele kushoto: vuguvugu. La nyuma kulia: hivyo hivyo. Alipogusa ringi la nyuma kushoto alipiga mayowe, akatia vidole mdomoni. Harufu ilikuwepo pia, ya kitu kama mpira ulioungua. Alikuwa ameisikia kwa wiki nyingi akaisingizia moshi wa barabarani.

Redio alipolinyanyua kwa jeki na kufungua gurudumu lile, aliweka spana chini akamwita Mama Pacha aone mwenyewe.

"Waya wa breki ya mkono," akasema. "Umeota kutu ndani ya ala yake. Ukiuvuta sana unakwama, haurudi. Wewe unashusha mkono, breki bado imeng'ang'ania. Mama, umeendesha miezi mitatu ukiwa umeshikwa mguu." Akamwonyesha bitana za breki, zile zinazobana gurudumu, zimelika hadi chuma. "Na mimi nilipaswa kulizungusha gurudumu hili siku ile ile. Hilo kosa langu, sitolikimbia."

Waya ukabadilishwa, na bitana pia. Jumamosi mchana Mama Pacha alimaliza mgonjwa wa mwisho, na taa haikuwaka.

Jioni hiyo alimwambia mumewe yote, pamoja na ule uongo wa wiki. Baba Pacha alisikiliza bila kusimamisha cherehani. Mwishoni akasema, "Na mimi nilitazama mlango wake. Nilikuonyesha njia." Kisha akamwambia mahali mdogo wake alipo, maana alikuwa anajua muda wote.

Lilikuwa jengo la ghorofa mbili lisilokuwa na paa. Mama Pacha alikwenda na pacha wake wote wawili, kwa sababu walikuwepo siku aliyosema lile neno, na aliona ni haki wawepo siku ya kulifuta. Mwashi alikuwa juu ya jukwaa la mbao, anapiga plasta. Wenzake watatu wakaacha kazi ili wasikie vizuri.

"Shemeji, shuka."

"Saruji itakauka. Sema tu."

Basi akasema, kwa ile sauti yake ya kutangulia, jengo zima likasikia. "Ilikuwa breki. Breki yenyewe niliivuta mimi kwa mikono yangu. Wewe hukuchukua hata tone. Ule mpira ningeunusa tu ningejua, na kunusa vidonda ndiyo kazi yangu. Sikunusa. Nilikuvunjia heshima mbele ya watoto, na mbele ya watoto hawa nakuomba msamaha."

Mwashi alilainisha ukuta mara mbili, tatu, akarudi nyuma akautazama. "Nimekusamehe, shemeji," akasema. "Lakini sirudi pale chumbani."

"Sijaja kukurudisha kwa nguvu."

"Mtu wa miaka yangu akae kwake. Hilo ningelifanya mapema." Akawaangalia pacha. "Hesabu zenu mnazielewa?"

Mmoja akasema ndiyo, mwingine akasema hapana.

"Yule wa hapana aje Jumapili na daftari. Yule wa ndiyo aje pia, nimwone."

Jengo lilipoisha alipanga chumba mtaa wa tatu kutoka kwa kaka yake. Jumapili alikuja kula, akakaa upande ule ule wa meza, akasifu chakula, akaondoka kabla hakujaingia giza. Gari hakuligusa tena, na Mama Pacha hakumwomba. Ilichukua karibu mwaka mzima hadi siku moja alipolikuta limeegeshwa vibaya, limeziba geti, akauliza bila kumtazama mtu, "Ufunguo uko wapi?"

Mama Pacha akampa, akaenda jikoni.