Kago la Abdulkadiri

Usimwone Bi Sijaona wa Mkunya ni mdogo wa umbo ukadhani ni wa kuchezewa. Mwanamke yule alikuwa na ulimi! Enzi zile za mwisho mwisho za Mwingereza, wanawake wakiteremka bondeni kuteka maji, wote walitaka kufuatana naye, maana kwa vichekesho vyake hata mlima ulipandika. Na mwaka huo alikuwa na furaha moja iliyomfuata mpaka usingizini: mjukuu wake Zena, mtoto wa mwanawe Stamili, alikuwa anaingia unyagoni, na kungwi wake alikuwa yeye. Heshima hiyo aliingoja tangu Zena anatambaa.

Basi asubuhi moja akaamka mikono inamwasha. Viganja vimevimba, vina vipele vidogo vidogo vya rangi ya damu iliyovilia, na miguu vilevile. Ajabu yake, upele ulikatika pale pale kwenye vifundo, juu ya hapo ngozi safi kabisa. Utadhani kaazima glavu na soksi za Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya.

Madaktari wa siku hizi wangemwambia ni kirusi. Mtoto akikipata hupata homa, mashavu yakamwiva, akapona. Mtu mzima mmoja katika wengi ndiye ambaye kirusi hicho humtokea kwa vipele mikononi na miguuni, kisha huondoka chenyewe. Na kweli, kama wiki mbili nyuma, Mussa, mtoto wa jirani yake Abdulkadiri, alishikwa na homa, mashavu mekundu kama kapigwa makofi, na Bi Sijaona na baba mtu walipokezana kumbeba mpaka zahanati. Lakini nani pale Mkunya angeyaunganisha hayo? Bi Sijaona alisema tu, "Nimebangua korosho, mafuta yake yameniunguza." Wenzake wakacheka.

"Mama Stamili, siku hizi unabangua kwa miguu?"

Kicheko hicho ndicho kilichozaa balaa. Abdulkadiri alikuwa mkwe tu pale Mkunya, na korosho alizozilinda zilikuwa za mjomba wa mkewe, Esha. Msimu huo alitundika kago mlangoni mwa ghala, yaani dawa ya kunasa wezi: kifurushi cha kitambaa cheusi na gamba la konokono ndani yake. Akatangaza kijiji kizima, "Mwizi wangu litamshika mikono iliyobeba na miguu iliyokimbia!" Haukupita muda, gunia zima likatoweka. Na sasa tazama mikono ya Bi Sijaona, tazama na miguu yake. Hee! Nani alihitaji shahidi mwingine?

Wanawake wale wale wa bondeni wakaanza kunong'ona kwamba mikono ya mwizi haimwoshi mwali. Jumbe akaitisha baraza siku ya Ijumaa baada ya sala. Wizi ukithibitika, Zena atatafutiwa kungwi mwingine. Bi Sijaona alijifungia ndani akalia, tena kilio cha hasira, kwa kuwa aliumia kwelikweli. Kisha akajifuta macho akaenda kulitazama hilo kago kwa karibu. Kitambaa kile cheusi kilikuwa na kiraka kilichoshonwa kwa uzi mwekundu. Kiraka hicho alikishona yeye mwenyewe. Ilikuwa kaniki yake kuukuu, iliyopotea kambani tangu masika.

"Mwanaharamu wee," akasema peke yake, akacheka kwa mara ya kwanza tangu aanze kujikuna.

Ijumaa ikafika. Kago lilikuwa limeletwa barazani, limekalishwa juu ya kigoda kama mheshimiwa. Bi Sijaona alikuwa amelipanga neno lake: atawaonyesha kiraka, mambo yaishe. Lakini Abdulkadiri alipoingia, akamtazama miguuni. Mtu yule aliyekwenda peku mvua na jua, leo kavaa soksi. Soksi za sufu! Na mikono kaizamisha ndani ya kanzu hata ukucha hauonekani.

"Shikamoo, Mama Stamili," akasema, mkono hatoi.

"Marahaba, mwanangu." Bi Sijaona akameza aliyoyapanga, akainua viganja vyake watu wote waone. "Jumbe, mimi sibishi. Kago la mwanangu huyu ni kali, sijapata kuona. Halikosei, sivyo?"

"Halikosei," Abdulkadiri akajibu, jasho linamtoka.

"Likimshika mtu, huyo kaiba?"

"Kaiba."

"Haya. Mwenye kago ndiye mwenye kulizimua. Nioshe mikono hii kwa mikono yako, hapa hapa, nami nitasema yote."

Esha akaleta maji bakulini. Abdulkadiri akakohoa. Akasema maji ni ya baridi. Akasema ana kidonda. Jumbe akachoka naye. "Toa mikono, bwana!"

Akaitoa. Lahaula! Vipele vile vile, vimekatika pale pale kwenye vifundo. Esha akainama, akamvua soksi kwa mkono wake.

Sasa utamu uko hapa. Abdulkadiri alijua fika kago lile ni uongo, kalifunga mwenyewe huku anapiga mluzi. Lakini tangu vipele vimtoke alikuwa ameanza kuliogopa, na alipoona macho ya watu wote yako miguuni mwake, akamwangukia mkewe.

"Nisamehe, Esha! Gunia nimechukua mimi. Nimempelekea Josephina wa Kitangari."

"Josephina yupi?" Esha akauliza, kwa sauti ya upole sana.

Yaliyofuata sisimulii. Inatosha kusema maji yale ya bondeni hayakupotea bure, yalimfika Abdulkadiri yote kichwani.

Watu walipotulia, Jumbe akajikuna kidevu. "Mwizi tumempata. Lakini wewe, Mama Stamili, kago lilikushikia nini?"

Hata Zena alimtazama bibi yake kwa wasiwasi. Bi Sijaona akaliendea kago kwenye kigoda, akalifungua, gamba la konokono likaanguka chini. Akakunjua kitambaa mbele ya Esha.

"Uzi huu unaujua?"

Esha akautazama. "Mbona ni uzi niliokupa mimi, ukashonea kaniki yako?"

"Ndiyo hii," akasema Bi Sijaona. "Haikunishikia wizi, Jumbe. Ilikuwa imenikumbuka, ikanishika mkono turudi nyumbani."

Baraza likavunjika mbavu. Abdulkadiri alisimama pale ameloa, anatazama tambara, akili ndiyo kwanza inamrudia.

"Kumbe nimeungama mbele ya kaniki?"

"Tena yenye kiraka, mwanangu."

Zena alipoingia unyagoni, kungwi alikuwa Bi Sijaona. Vipele vilikuwa vimekwisha, ila ngozi ya viganja ilikuwa bado inabambuka, na mwali alipolalamika kuwa inamkwaruza, bibi akamwambia anyamaze aoshwe.