Mita ya Tryphena na Ng'ombe Aliyekataa Maji

Tryphena Mghoi hakuitaka mita ile, na wala hakumficha mtu. Anaishi Werugha, juu kule milimani ambako ukungu huingia mpaka jikoni, na maisha yake ni kabichi, vitunguu na ng'ombe wawili wa maziwa. Mumewe, Danson, ni karani katika stesheni ya reli Voi. Huteremka Jumatatu alfajiri, akapanda tena Ijumaa jioni. Ijumaa moja alikuja na habari kwamba kampuni changa ya Mombasa ilikuwa inatafuta nyumba za kujaribia mita za kisasa, na kwamba yeye alikuwa ameshaandikisha yao.

Mita ilifungwa ukutani karibu na boksi la swichi, na kioo chake kidogo kikawekwa sebuleni juu ya kabati la vyombo. Kioo hicho kilionyesha stima inayotumika papo hapo. Ukiwasha taa, namba inapanda kidogo. Ukiwasha birika, inaruka kama panzi. Danson aliweza kuiona namba hiyo hiyo kwenye simu yake akiwa Voi, na hapo ndipo matata yalipoanzia.

Mtu mpole yule aligeuka askari wa swichi. Alipiga simu kutoka stesheni kuuliza nani anapiga pasi mchana. Akiwa nyumbani alimfuata mkewe chumba kwa chumba akizima taa nyuma yake. Jumapili moja alfajiri alizima ya chumbani Tryphena akiwa bado anajifunga kitambaa cha kichwa, na mama wa watu akaimba kwaya nzima kitambaa kikiwa kimegeuka ndani nje, na hakuna aliyemwambia mpaka chai ya baada ya ibada.

Siku hiyo alimwambia mumewe waziwazi. “Baba Shanice, kitu hiki hakipiki wala hakikami. Kazi yake ni kukaa sebuleni kutuhesabia matonge.”

Danson alijibu kwamba mtu asiyejua anachotumia hawezi kukipunguza. Wakaachana hapo, kila mmoja na lake.

Siku hizo Tryphena alikuwa na shida nyingine iliyomkosesha raha kuliko mita. Nyange, ng'ombe wake mweupe, alikuwa amebadilika. Tangu mvua zianze, alikuwa akifikishwa kwenye pipa la maji zizini, pipa la chuma lililokatwa nusu, anainamisha kichwa, anagusa kwa pua, kisha anaruka nyuma kama aliyeumwa na nyuki. Kukamuliwa nako kukawa vita. Maziwa yalipungua mpaka yakabaki ya chai ya nyumbani. Daktari wa mifugo alikuja, akamfungua mdomo, akampima joto, akasema ng'ombe huyu mzima. Jirani yake, Jedidah, alinong'ona kwamba huenda ni jicho la mtu. Tryphena hakuamini mambo hayo. Akawa anambebea Nyange maji kwa ndoo hadi nje shambani, huku akimgombeza kwa jeuri yake.

Jumamosi moja, Danson alipoanza tena hotuba yake kuhusu stima inayoliwa na friji, Tryphena aliamua kuumaliza ubishi. Alisema atazima kila kitu ndani ya nyumba. Kioo kikisoma sufuri, atanyamaza na mita ikae. Kikisoma kingine, basi kinadanganya, kirudi Mombasa. Danson alikubali bila kusita. Wakapita pamoja wakizima taa, wakachomoa friji, redio, birika, hata chaja ya simu. Kisha wakarudi sebuleni na kusimama mbele ya kabati.

Namba ilikuwa bado ipo. Ndogo, lakini ipo, na haikushuka.

Danson alikigonga kioo kwa kidole. Alizunguka nyumba tena peke yake, akarudi bila kupata kilichosahauliwa. Tryphena alifurahi kama aliyeshinda kesi. Jioni hiyo hiyo alimpigia fundi aliyeifunga ile mita, aje kuichukua.

Fundi huyo anaitwa Nasambu, binti wa Kibukusu aliyezaliwa Voi, ambako baba yake alikuja zamani kutoka Bungoma kufanya kazi ya reli. Alifika Jumatatu, Danson akiwa ameshateremka kazini. Alimsikiliza Tryphena mpaka mwisho, kisha badala ya kutoa bisibisi akatoa kipimo chake na kukibana kwenye waya unaoingia ndani. Kipimo kilisema sawasawa na kioo.

“Mama, mita haidanganyi,” alisema. “Kuna mahali stima inaenda na nyinyi hamjui.”

Akaanza kushusha swichi za kwenye boksi, moja baada ya nyingine, huku Tryphena akiangalia kioo na kumsomea kwa sauti. Namba haikutikisika, mpaka swichi ya mwisho kabisa ilipozimwa ikawa sufuri. Nasambu aliuliza hiyo ni ya wapi. Tryphena akamwambia ni ya zizini, kwamba huko kuna balbu moja tu, na hiyo balbu ilikuwa imezimwa. Waya wake Danson aliuvuta mwenyewe miaka iliyopita, akisema hakuna haja ya kusumbua fundi kwa balbu moja.

Walikwenda zizini. Nasambu aliufuata waya taratibu ukutani mpaka mahali ulipopita nyuma ya nguzo ya chuma. Hapo panya walikuwa wameutafuna, shaba iko nje, na unyevu wa ukungu umejaa. Nguzo ilikuwa imegusana na pipa la maji. Alimwomba Tryphena arudi ndani aiwashe swichi kwa muda mfupi na asiguse kitu, akapima kati ya pipa na ardhi, akakuta pipa lina stima, kisha akapaza sauti izimwe haraka.

“Wewe unaingia humu na gambuti za mpira, ndiyo maana hujasikia kitu,” alimwambia Tryphena aliporudi. “Ng'ombe hana gambuti.”

Tryphena aliketi kwenye mawe ya ukuta. Alifikiria mara zote alizomgombeza mnyama yule. Kisha akamkumbuka binti yake Shanice, ambaye akirudi likizo huosha mikebe ya maziwa pale pale, miguu mitupu.

Waya ulipokatwa kabisa, alimleta Nyange kwa kamba. Ng'ombe alisimama mbali kidogo na pipa, masikio mbele. Alinyoosha shingo. Akagusa maji kwa pua, akangoja, akagusa tena. Halafu akaanza kunywa, na akanywa mpaka kitako cha pipa kikaonekana. Tryphena alimshika mgongo huku akicheka na machozi yakimtoka.

Danson alisimuliwa yote kwa simu. Ijumaa alipofika hakuingia nyumbani kwanza. Alikwenda moja kwa moja zizini na begi lake begani, akautazama waya mpya aliovuta Nasambu, kisha akaja jikoni na kumwambia mkewe pole, kwa ajili yake na kwa ajili ya ng'ombe. Tryphena alisamehe, lakini kwa sharti moja: mita ibaki, simu za pasi zikome. Danson aliifuta programu ya mita kwenye simu yake mbele ya macho yake.

Maziwa yalirudi polepole, na kabla kabichi hazijavunwa Nyange alikuwa ameizidi hata kawaida yake. Akina mama wa kanisani sasa humuuliza Tryphena kama mita hizo zina faida. Yeye huwajibu kwamba mita yenyewe haipunguzi chochote. Huonyesha tu, kisha ni wewe uinuke ukatafute. Wengi wameamua kutafuta. Nasambu amepata kazi nyingi milimani hivi kwamba amekodi chumba kwa Jedidah, na analalamika kwamba Werugha ni baridi sana kwa mtu wa Voi.