Jani Kwenye Stuli ya Mama Masikio

Saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, na mteja wa kwanza wa Mama Masikio ameshakaa kwenye stuli. Ni jani la mlimau. Limebanwa kwa kibanio cha nguo, nyuma yake kitambaa cheupe, taa moja kushoto na nyingine kulia, utadhani linatafuta pasipoti.

"Tulia hapo hapo," analiambia. "Usicheke."

Kisha anainama, anaona kitu, anasimama. Anainama tena. Katikati ya jani kuna kidude cheusi chenye baka jeupe, kinang'aa kama kimelowa. Anachukua brashi ya kufutia vumbi, anairudisha mezani, anaichukua tena.

"Sasa hiki nacho ni nini?" anauliza, na haijulikani kama anamwuliza mwandishi wa makala haya au anamwuliza Mungu. "Ni uchafu, au ni sehemu ya jani? Maana siku hizi mimi sijui tena."

Hiyo ndiyo hali yake kwa wiki tatu sasa. Mwanamke wa miaka hamsini na minne, aliyepiga picha za vitambulisho kwa miaka ishirini na sita katika chumba hiki kimoja chenye pazia la kijani, ghafla hajui lipi ni doa na lipi si doa. Kichwa kinamzunguka mchana kweupe, na hafichi.

Jina la Mama Masikio alipewa na wateja. Kila anayekaa kwenye stuli huambiwa, "Masikio yaonekane, masikio!" hata awe na kipara. Enzi hizo foleni ilifika hadi kwenye kibanda cha fundi viatu, na wateja arobaini kwa siku lilikuwa jambo la kawaida. Sasa ofisi zinapiga picha zenyewe, papo hapo dirishani. Akipata wateja watano, siku imekuwa njema. Jumatatu iliyopita aliingia mtu mmoja tu, naye alikuja kuuliza choo kiko wapi.

Majani yalimjia kwa bahati. Miaka miwili iliyopita upepo ulipeperusha jani la mpera hadi juu ya kisanduku chake cha mwanga, kile alichokuwa akikagulia negativu za filamu zamani. Akalitazama. Mishipa yote ilikuwa imejitokeza, mkubwa ukigawanyika kuwa midogo, na midogo ikigawanyika tena mpaka jicho linachoka kuifuata.

"Nilikaa pale nusu saa, haki ya nani," anasema. "Nikajiambia, miaka yote hii natafuta sura nzuri, kumbe nilikuwa nazifagia uani kila asubuhi!"

Vifaa vya gharama hana. Alichukua lenzi ya kamera yake ya zamani iliyokufa, akaigeuza nyuma mbele, akaifunga kwenye kamera ya sasa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Kwa lenzi hiyo, kipande cha jani kilicho sawa na ukucha kinajaza picha nzima.

Mwezi uliopita mwalimu wa baiolojia wa sekondari ya jirani aliingia kutoa kopi, akaona picha za majani ukutani, akasahau kopi zake. Akaagiza picha kumi na mbili za kutundika kwenye maabara mpya. Akasema zikipendeza, shule nyingine nazo zitataka.

Hapo Mama Masikio akakata shauri. Kazi hii ikikubalika, studio inaendelea. Ikikataliwa, anafunga mlango na kwenda kwa binti yake, fundi cherehani, akashone vifungo. "Na mimi vifungo sivipendi," anasema.

Picha alizipeleka mwenyewe, zimefungwa vizuri kwa karatasi. Mwalimu akazipanga juu ya meza. Akazipanga upya.

"Mama," akasema hatimaye, "hili si jani la boga?"

"Ndilo, mwanangu."

"Vinyweleo vyake viko wapi?"

"Nimeviondoa."

Mwalimu akatafuta kiti. Kumbe Mama Masikio alikuwa ameyafanyia majani kile anachomfanyia kila mteja tangu enzi za filamu: kabla ya kuitoa picha yako, anakufuta madoa. Jani la boga alilinyoa. Jani la nyanya lililokuwa na mchirizi mweupe, aliliondolea kovu. Jani la mpasheni lilikuwa na vipele viwili shingoni, akavifuta taratibu, kama anavyomfutia bibi harusi chunusi.

"Vile vipele ni tezi, Mama," mwalimu akamweleza siku ile, kwa sauti ya mtu anayejizuia. "Zinatoa maji matamu, sisimizi wanakuja kuyanywa, na wakishakuja wanawafukuza wadudu wanaokula jani. Na lile kovu ni njia ya funza anayeishi ndani ya jani. Inaanza nyembamba kama uzi, inapanuka kadiri anavyokua. Umenifutia somo zima! Hapa kilichobaki ni rangi ya kijani tu."

Mama Masikio alirudi studio akakaa kwenye stuli yake mwenyewe, jambo ambalo halifanyi kamwe.

"Mazoea yana taabu," anasema. "Mkono ulikuwa unafanya wenyewe. Mimi nikidhani nayatendea wema."

Alipewa nafasi ya kurudia, naye akaruka majivu akakanyaga moto. Safari hii hakufuta chochote. Akapeleka vumbi, utando wa buibui, na unywele wake mwenyewe wa mvi uliokuwa umelala juu ya jani la mpera. Mwalimu aliukagua unywele ule dakika nzima akitafuta jina lake kitabuni.

Taratibu, mmoja akiuliza na mwingine akijibu, picha kumi na moja zimekubaliwa. Imebaki moja, na maabara inafunguliwa keshokutwa. Lakini kuchanganyikiwa kwake sasa kumehama kutoka kwenye majani hadi kwenye nyuso.

"Jana alikuja mfanyakazi wa benki, ana vipele kidevuni. Mkono ukawa mzito. Nikamwuliza, baba, nikufute au nikuache? Akaniangalia kama nimerukwa na akili."

Saa nne, wakati wa mapumziko ya shule, mwalimu anaingia akihema. Anaonyeshwa kile kidude cheusi juu ya jani la mlimau. Anakitazama sekunde mbili.

"Aa, hicho ni kinyesi cha ndege, Mama. Kipanguse tu tupige picha."

"Una hakika, Mwalimu?"

"Asilimia mia."

Mama Masikio anasogeza brashi, anakigusa. Kinyesi kinainuka. Kinachomoza pembe mbili nyekundu, laini, na harufu kali ya ganda la chungwa lililooza inajaa chumbani.

"Wee!" Mwalimu anaruka nyuma na kugonga taa.

Ni kiwavi. Amejifananisha na kinyesi ili ndege asimle, na pembe zile anazitoa akiguswa. Mwalimu anairudisha taa mahali pake. "Hili nimelifundisha darasani mara mbili," anasema kwa aibu. "Sikuwahi kuliona kwa macho."

Ungetegemea Mama Masikio acheke. Hacheki. Amegeuka, anatazama ukuta wa nyuma ya kaunta, penye picha ya mwanamume mwenye shati jeupe na uso laini usio na alama hata moja. Ni marehemu mumewe. Alifariki binti yao akiwa na miaka miwili, na picha hiyo imetundikwa miaka yote kama mfano wa kazi, ili wateja waone ngozi inavyotoka.

"Alikuwa na kitundu hapa," anasema, akigusa mbele ya sikio lake. "Kidogo, ungedhani kachomwa sindano. Alizaliwa nacho. Binti yangu anacho, mahali palepale. Alipokuwa mdogo akiniuliza, mama, hiki nimekitoa wapi? Namwambia, kwa baba yako. Anakwenda kutazama picha, anarudi. Mbona yeye hana?"

Anaweka brashi mezani.

"Nilikiziba kwa wino, nikaona nampendezesha. Mimi huyu, ninayepiga kelele masikio yaonekane! Binti yangu alishaacha kuuliza. Nadhani anaamini nilimdanganya ili nimfariji."

"Vitundu vya namna hiyo kweli hurithiwa, Mama," mwalimu anasema polepole.

"Najua, mwanangu. Ushahidi ndio nimeufuta. Inaniuma sana."

Picha ya kumi na mbili inapigwa saa tano kasoro, kiwavi akiwa na pembe zake zote. Mwalimu anaikubali palepale, kabla hata haijatolewa, na anataja shule mbili zilizokwisha kuulizia. Kwa hiyo studio haifungwi, na vifungo vitamsubiri mtu mwingine.

Mama Masikio anashukuru, anamsindikiza hadi mlangoni, kisha anarudi na kuvuta kopo la biskuti kutoka chini ya meza. Makopo yako kumi na manne, yamejaa negativu zilizochanganyika tangu mwaka paa lilipovuja. Wino aliuweka kwenye picha, filamu hakuigusa. Kwa hiyo mumewe yumo humo mahali fulani, na kitundu chake.

Tangu mkasa wa majani uanze, ameshapitia makopo sita. Negativu anaziweka juu ya kisanduku cha mwanga na kuzitazama kwa lenzi ileile ya majani, uso mmoja baada ya mwingine, akitafuta sikio. Binti yake huja Jumapili kumsaidia kupanga, na bado hajaambiwa kinachotafutwa.

"Nikimpata nitamtoa mkubwa, kama jani," anasema, macho yakiwa kwenye lenzi. "Na sitamgusa."