Koroboi Kwenye Njia ya Kyejo

Siku yangu ya kwanza kazini msimamizi hakunipa panga wala fyekeo. Alinipa koroboi, ile taa ya kopo na utambi, inaning'inia kwenye mti mrefu kama wa kuvulia samaki. Msimamizi huyo aliitwa Ambakisye Mwakalobo, mzee mfupi wa Tukuyu.

"Koroboi mchana, msimamizi? Na jua lote hili?"

"Cheka tu, gwe mama. Kibonde hakicheki."

Kazi yetu ilikuwa kutunza njia ya wapanda mlima upande wa Kyejo. Kyejo ni mlima wa volkano, umetulia, haujafa. Tulifyeka, tulizibua mifereji, tulilaza magogo ya kukinga maji, maana mvua ya kwetu isipokingwa inaondoka na njia yote. Hayo mtu anayajua kwa wiki moja. Kilichotaka akili ni Kibonde, pale njia inaposhuka kidogo kabla ya kupanda tena. Chini ya ardhi pale inatoka hewa nzito. Haionekani, hainuki. Asubuhi isiyo na upepo inatuama kama maji kwenye beseni, na unakuta chura au ndege amelala, hana hata jeraha. Upepo ukija, inaondoka.

Mzee Ambakisye alinifundisha kusimama ukingoni na kuteremsha koroboi mpaka iguse majani. Ikizimika, unalaza tawi katikati ya njia.

"Na aliyelaza tawi ndiye anayeliondoa," alisema. "Hata Bwana Misitu akija na gari lake, atasubiri."

Nililaza matawi mengi miaka ile. Nilikuwa kibarua, naitwa msimu hadi msimu. Ndipo akaja Afisa Utalii, Idrisa Mbwana, mtu mpole, kwao Mwanjelwa. Yeye ndiye aliyesema mwanamke huyu anafaa kuajiriwa moja kwa moja, akaandika barua ya kuniombea.

Asubuhi moja alileta walimu kutoka Iringa. Nilikuwa nimeshapima, moto ukazimika, tawi limelala. Wakakaa. Wakala ndizi zao, wakamaliza. Majani hayatikisiki.

"Mama Tumpe, wageni wamechoka. Pima tena."

"Upepo haujaja, Afisa."

"Pima tu, mama yangu. Barua yako ninayo hapa mkobani, kesho naipeleka." Akacheka. Sidhani kama alikuwa na ubaya.

Nikapima tena. Safari hii sikuigusisha koroboi majani, niliiacha usawa wa goti. Ikawaka vizuri. Nikaondoa tawi.

Mtu anayetembea wima kule haoni shida. Walimu walipita wakiongea. Wa mwisho, Mwalimu Restuta Kihwele, kamba ya kiatu ilimfunguka pale pale chini. Akachuchumaa aifunge. Hakuinuka. Alilala upande kama mtu aliyesinzia kanisani. Mimi na Afisa Idrisa tulibana pumzi, tukashuka, tukamvuta kwa mikono hadi juu. Alizinduka, akatapika, kisha akauliza, "Kiatu changu kiko wapi?"

Bwana Misitu wa wakati ule, Philemon Sanga, alituita ofisini siku iliyofuata.

"Koroboi ilizimika?"

"Haikuzimika, mkuu."

Afisa Idrisa akadakia, "Hewa ya kule inageuka ghafla, mkuu. Si kosa la mama."

Bwana Misitu angeandika hivyo na tungekwenda nyumbani. Kalamu alikuwa ameshaishika.

"Niliipima gotini, mkuu," nikasema.

"Kwa nini gotini?"

"Nilitaka ile barua."

Barua haikwenda. Nilihamishiwa Iringa, kitalu cha miche, kupalilia na kujaza udongo kwenye viriba, vile vimifuko vya kuoteshea miche. Nilifanya hivyo mpaka vidole vikakataa. Nilitoka kazini kibarua kama nilivyoingia. Sasa nakaa Ipogolo, hapo hapo Iringa, kwa binti yangu. Mwalimu Restuta akipita ananisalimu kwa jina, nami namtazama miguu kwanza. Amehamia viatu visivyo na kamba.

Mwaka huu nilikwenda Tukuyu msibani, nikaomba nipelekwe kuiona njia. Asubuhi, majani yametulia. Mlinzi wa njia ni binti anaitwa Lugano.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Koroboi iko wapi?"

Akacheka. Akanionyesha kidude kifuani, kimebanwa kwenye koti. "Siku hizi ni hiki, bibi. Hewa ikiwa mbaya kinalia."

"Kinakaa hapo kifuani siku zote?"

"Ndiyo. Kina kibanio chake."

"Na mgeni akichuchumaa?"

Lugano akakibandua kotini. Nikampa fimbo yangu ya kutembelea. Akakifunga kwenye ncha kwa kitambaa cha kichwani, akapiga magoti ukingoni, akakiteremsha mpaka kikagusa majani.

Kikalia.

Akanirudishia fimbo, akaenda kukata tawi.