Nyumba ya Wifi Ina Magurudumu

Mume wangu ana sifa nyingi njema, na siku moja nitakaa nizikumbuke zote. Lakini jioni aliyorudi nyumbani na kombi aliyoinunua kwa mhandisi mmoja wa kizungu, sikukumbuka hata moja.

Tulikuwa tukikaa Ruwais, Jeddah, vyumba viwili, ukumbi na ua, karibu na bahari kiasi kwamba upepo ukivuma chumvi iliingia mpaka kwenye kopo la sukari. Sote wawili tulitoka Unguja mwaka wa sitini na nne, kila mmoja na watu wake, tukakutana hapo hapo Jeddah tukaoana. Sasa ilikuwa miaka ya neema ya mafuta, na mtaa mzima ulikuwa ukinunua vitu. Jirani wa kulia alileta friji kubwa kuliko mlango wake. Wa kushoto alileta televisheni ya rangi. Mume wangu, karani wa bandarini, akaleta gari lenye kitanda.

Mhandisi alikuwa anarudi kwao, akaiuza na kila kilichokuwemo: kitanda cha kukunja, jiko la gesi, kabati, mapazia ya maua, na juu ya paa ubao mrefu wa kuchezea mawimbi. Wazungu wa makampuni walikuwa wakienda na magari ya namna hiyo kaskazini ya mji, wakilala ufukweni mwisho wa wiki. Mume wangu alikuwa akiwatazama muda mrefu, mate yakimtoka.

"Gari hii," akaniambia, "mtu analala popote."

"Kwani weye hulali popote?" nikamuuliza. Mtu huyu alisinzia kwenye harusi yetu wenyewe, tumekaa mbele ya watu.

Ijumaa iliyofuata akaingia baharini na ubao. Bahari ya Sham upande wetu haina mawimbi ya kujivunia, ina matumbawe. Alilala juu ya ubao akangoja, na mimi na watoto tukangoja ufukweni na taulo. Wimbi lilipokuja lilichukua ubao likamwachia yeye matumbawe. Jioni nzima nilimsafisha magoti kwa maji ya chumvi, na kila akipiga kelele nilimkumbusha kwamba wazungu hawalii. Ubao ukarudi juu ya paa, akaufunga kwa skrubu, matundu ya paa akayatoboa mwenyewe. Fundi angefanya vizuri zaidi, nilimwambia, hakusikia.

Aliyetufanya tuiendeshe kombi ile mpaka Riyadh ni wifi yangu. Ni dada mkubwa wa mume wangu, na mama yao alipofariki ndiye aliyemlea. Alimwogesha, akamsomesha Kurani, akamchapa inavyostahili. Ndiye pia aliyekuja kunitazama kabla sijaolewa, akanizunguka mara moja kama anayenunua kabati, akasema mbele yangu, "Atafaa. Pua tutaizoea." Nami sikumwacha hivi hivi. Kila alipotupikia pilau nilikula sahani mbili, kisha nikamuuliza kama bizari siku hizi imeadimika. Hayo ndiyo mapenzi ya mawifi, asiyeyajua hudhani ni ugomvi.

Wifi alikuwa mjane, hakujaaliwa mtoto. Marehemu mumewe alikuwa dereva wa maghala ya Sulay, huko huko Riyadh, naye alimwachia chumba na ukumbi katika nyumba ya udongo mtaa wa zamani. Riyadh ilikuwa inajengwa upya. Barabara mpya zilipita katikati ya mitaa, na nyumba za kuvunjwa zilipigwa alama ya rangi ukutani. Msafiri mmoja wa kwetu alipita Ruwais akatwambia nyumba ya wifi imeshapigwa alama, ya jirani yake imeshalala chini, na mwisho wa mwezi ni zamu yake.

Mume wangu alikwishakwenda kwa basi mara mbili kumchukua. Mara zote mbili alirudi na mfuko wa tende.

"Anasema haji kukaa pembeni mwa nyumba ya wifi," aliniambia, "akaulizwa kila asubuhi amelalaje."

"Kwani kuna ubaya gani kuulizwa umelalaje?"

"Anasema mwenye nyumba ndiye anayeuliza."

Wifi alikuwa na haki. Mume wangu alianza kuacha chakula. Usiku alikuwa akigeuka upande huu na ule, yeye aliyesinzia harusini. Aliogopa dada yake ataishia kwenye chumba cha kupanga peke yake mji ule mkubwa, augue, tusikie habari baada ya maziko. Nami niliogopa vivyo hivyo. Tukawaacha watoto kwa jirani, tukapakia kombi.

Nilipika kama ninayekwenda vitani. Mikate ya kumimina, samaki wa kukaanga, mchuzi wa nazi kwenye sufuria iliyofungwa kitambaa. Safari ya kupanda milima ya Hada kuelekea Taif iliifanya kombi itoe moshi, tukasimama injini ipoe. Nyani wa pale mlimani walishuka kutoka mawe ya juu wakakaa wakitutazama, mmoja akapanda paani akalala chali juu ya ubao. Nikamwambia mume wangu amepata mwalimu. Mbele ya Taif ni jangwa tupu, na kila kituo cha mafuta madereva wa malori walikuja kuuzunguka ule ubao. Mmoja aliuliza kwa Kiarabu ni meza ya nini. Mume wangu akaeleza mawimbi kwa mikono. Yule bwana alitazama mchanga wa kulia, akatazama mchanga wa kushoto, akatuombea dua.

Tulifika Riyadh kwa wifi baada ya alasiri. Upande mmoja wa nyumba yake palikuwa na kifusi. Yeye alisimama mlangoni kanga imetulia kichwani, akamkumbatia mdogo wake, akanikumbatia mimi, akasema nimenenepa, nikasema namshukuru kwa kuona. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri.

Kisha mume wangu, kwa nia safi kabisa, akafungua mdomo.

"Dada, usijisumbue na sisi. Tumekuja na kila kitu. Chakula tunacho, kitanda tunacho. Tutalala garini, hapa hapa mlangoni."

Ningemziba mdomo, lakini mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika sufuria ya mchuzi wetu.

Kwetu sisi mgeni anaweza kukukosea mengi ukayameza. Lakini ndugu yako wa tumbo moja kulala barabarani mbele ya mlango wako, majirani wanapita wanaona, na sufuria yake mkononi, ni kuutangazia mtaa kwamba kwako hakuna kitanda wala chakula. Mume wangu alijua hayo tangu utotoni. Kombi ndiyo iliyomsahaulisha, na mimi niliyepika masufuria yote yale nilikuwa mwenzake.

Wifi alitazama mapazia ya maua. Akatazama sufuria.

"Serikali imesema itaivunja nyumba yangu mwisho wa mwezi," akasema. "Nyie mmeiwahi."

Akaingia ndani, akafunga mlango polepole.

Mume wangu alitaka kugonga, nikamkataza. Alishaharibu vya kutosha kwa siku moja. Chakula chote nikawagawia watoto wa mtaa waliokuwa wamejaa kutazama ubao. Nikaenda mlangoni mikono mitupu nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga tena, kimya. Nikapiga ya tatu. Adabu inasema hodi ya tatu isipoitikiwa uondoke, lakini mimi ni wifi, adabu zangu anazijua.

"Hodi, wifi. Nina njaa."

"Si mna chakula?" sauti ikatoka ndani.

"Kimekwisha. Wamekula watoto."

"Na kitanda si mnacho?"

"Kitanda kidogo. Na ndugu yako anakoroma."

Kisha komeo likasikika.

"Kukoroma karithi kwa baba," akasema wifi. "Pita. Mwambie na yeye aje."

Tulikula pilau yake, nikala sahani mbili, na safari hii sikuuliza habari za bizari. Nikatazama mle ndani. Hakuwa amefunga kitu hata kimoja. Sinia zilikuwa zimepangwa ukutani, mito imevalishwa foronya safi, na huku nje ukuta wa jirani haupo. Alitupa kitanda chake yeye akalala ukumbini, na tungekataa angetufukuza. Nilimwonea huruma, nikamwonea na fahari.

Asubuhi nikaona ufagio nikaushika nimsaidie. Akaninyang'anya.

"Mgeni hafagii kwangu," akasema. "Kaa, unywe chai. Umelalaje?"

"Nimelala salama, wifi," nikajibu. Nilimwona alivyoridhika kuuliza.

Baada ya chai alitoka kuiona kombi. Aliizunguka kama alivyonizunguka mimi. Akaingia. Akavuta pazia, akasema maua haya kashona kipofu. Akabonyeza kitanda, akafungua kabati, akawasha jiko akalizima. Akakaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, akatazama nje kwa dirisha dogo.

"Ya nani nyumba hii?" akauliza.

Mume wangu akavuta pumzi kujibu. Nikamkanyaga mguu.

"Yako, wifi," nikasema. "Sisi kwetu tunako, Ruwais. Hii tumekuletea wewe. Tulikuwa tunaijaribu tu njiani kama inalalika."

Mume wangu alinigeukia kama niliyegawa figo lake. Gari aliyoipenda kuliko chochote alichopata kuwa nacho, wiki mbili tatu tu tangu aipate! Nikamwona anameza mate. Kisha akamtazama dada yake, kanga yake, mikono yake mapajani.

"Kweli, dada," akasema. "Yako."

Nilisema nitazikumbuka sifa zake siku moja. Ile pale ni moja, na kwa hiyo nilimpenda siku ile kuliko siku aliyonioa.

Wifi si mtoto mdogo. Alijua kabisa. Lakini aliona amepewa mlango wa kutokea kichwa juu, akautumia. Akasimama, akavua mapazia yote mawili akanikabidhi, akasema, "Kwangu hayakai haya." Kisha akaanza kuamrisha. Sinia huku, mito kule, mbuzi ya nazi chini ya kitanda, buli karibu na jiko. Yalla, yalla, mchana unakwisha. Kila kitu kilipokwisha kupakiwa alirudi katika ile nyumba tupu, akaifagia. Alifagia ukumbi na chumba, pembe zote, nyumba ya kuvunjwa.

"Nakwenda," akamwambia mdogo wake alipotoka, "lakini nakwenda kwangu."

Njia nzima ya kurudi alikaa nyuma na mlango umefungwa. Tukisimama, mimi na mume wangu tulishuka mbele, tukazunguka, tukapiga hodi. "Karibuni," alituitikia, na tukapewa chai kwenye vikombe vyake, na tukaulizwa hali ya safari, kama vile sisi tulikuwa tunatoka mahali pengine kabisa. Tulipofika Hada aliwakemea nyani mpaka wakaondoka barabarani.

Ruwais tulikuwa tumemwandalia chumba cha watoto. Alikipita akakisifu, akarudi kwenye kombi iliyosimama nje ya mlango wetu, akawasha jiko lake. Siku ya pili alimwamrisha mume wangu aushushe ule ubao. Akauweka juu ya matofali kando ya gari, akautandika mkeka, ukawa baraza. Jioni wanawake wa kwetu walikuja kukaa juu yake, uso baharini, wakinywa kahawa. Bahari aliikosa miaka yote ya Riyadh. Siku ya kwanza aliiangalia machozi yakimtoka, akaniambia ni vumbi.

Mimi nilikuwa na aibu yangu. Mtaa mzima ulisema nimemlaza wifi yangu mzee kwenye gari, nje ya mlango, na vyumba ninavyo. Jirani wa friji aliniuliza hadharani kama sina godoro. Mkuki kwa nguruwe. Kwangu ulikuwa mchungu. Niliwaeleza kila mmoja kwamba ni yeye mwenyewe asiyetaka, na walinijibu "ee, bila shaka," kwa sauti ile. Wifi alisikia yote kutoka barazani. Hakunitetea hata kwa neno moja. Alikuwa akifurahi.

Hivyo tukaishi. Asubuhi nilipiga hodi kwake, naye akaniuliza nimelalaje.

Kisha ikaja mvua. Jeddah mvua hainyeshi ila ikitaka kufidia mwaka mzima, na ilipofidia, maji yalipita kwenye yale matundu ya skrubu aliyotoboa mume wangu, yakashuka moja kwa moja juu ya kitanda. Magharibi nikasikia hodi. Wifi alisimama mlangoni kalowa, na mkononi kashika sufuria.

"Msijisumbue na mimi," akasema, macho yakicheka. "Nimekuja na chakula changu."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Tulikula chakula chake, nikamtandikia chumba cha watoto.

Alfajiri mume wangu aliamka na kopo la lami, anakwenda kuziba matundu. Nikamwambia asiwe na haraka. Akanitazama, akaliweka kopo chini, akarudi kulala.

Nikaenda ukumbini, nikakaa kwenye kiti na chai yangu, nikasikia ufagio. Ulianza chumba cha watoto, ukapita ukumbini, pembe zote, mpaka ukafika kwangu.

"Wifi," nikamwambia, "mgeni hafagii."

Hakuinua hata kichwa.

"Mgeni nani hapa?" akasema. "Inua miguu."

Nikainua miguu.