Wavu wa Matanga

Kwetu Mayoni, mwenye bwawa la samaki haendi matangani mikono mitupu. Miwa ilipotuchosha, baba alichimba bwawa kule bondeni, na majirani wachache wakamfuata. Wakanunua wavu mmoja wa kikundi. Mtu akifa, wavu huo hupita bwawa kwa bwawa alfajiri ya mazishi, kila mmoja akatoa alichojaliwa, na waombolezaji wakala obusuma, ugali wetu, kwa samaki. Kuukataa usiingie kwako ni aibu isiyofutika.

Baba alipokufa, wavu ulianzia kwa mzee jirani yetu, rafiki yake tangu ujana. Mzee alitoa samaki hadi tukamsihi aache. Kisha ukaletwa kwetu ungali unachuruzika maji. Nani angesema uanikwe kwanza, na watu wanangoja kula?

Baadaye nilirudi kazini Kakamega mjini, mama akabaki na bwawa. Ndilo lililomtoa kitandani asubuhi. Aliwalisha samaki, akakaa ukingoni akiwasimulia habari za nyumbani kana kwamba baba yumo humo majini. Nilimtania kwamba samaki wake wanajua umbea wa Mayoni kunishinda. Alicheka sana, nami nikalala vizuri usiku huo.

Halafu siku moja akanipigia simu: samaki wanajikwaruza kwenye kingo, wengine wanaelea. Nilienda. Tulimtoa mmoja, tukaona vidonda vyekundu ubavuni, na kila kidonda kinaning'iniza kitu kama uzi mweupe. Nilipouvuta ulikatika, kichwa chake kikabaki ndani ya nyama. 

Afisa wa uvuvi alituambia kwamba wadudu hao watu huwaita minyoo, ila kwa asili ni jamaa ya kaa na uduvi. Huja na samaki wa mtoni, kisha husafiri kwa wavu usiokaushwa. Akauliza wavu uliingia wapi kabla ya kuja kwetu. Mimi na mama tukatazamana. Mzee jirani alikuwa ameongeza bwawani mwake samaki aliowavua mtoni, na kila mtu alijua.

Damu ilinichemka. Nilivaa viatu niende kwake, lakini mama alikuwa ameshasimama mlangoni.

"Utamwambia nini? Alitupea samaki tukamzika baba yako, sasa tumrudishie matusi?"

"Ametuulia bwawa, mama."

"Huyo anapeananga kwa roho safi. Keti."

Kikundi kilipokutana, mama alisimama akasema ugonjwa umeanzia kwake, kwamba ameshindwa kulitunza bwawa la marehemu. Akaomba wavu uwe unaanikwa juani hadi ukauke kabisa, na afisa akague mabwawa yote. Walikubali. Mzee aliinamisha kichwa bila kusema neno, nami nikamchukia kwa kimya kile. Mpaka leo namchukia kidogo, Mungu anisamehe.

Mabwawa mengine yaliwahiwa kwa dawa yakapona. Letu lilikuwa limekwisha. Tulilitoa maji, tukawazika samaki kwenye shimo, tukamwaga chokaa kwenye tope. Mama alilia siku ile kuliko alivyolia kwenye kaburi la baba. Bwawa lilipokauka vya kutosha tulilijaza upya, tukaweka vifaranga wa samaki wasio na ugonjwa, na walipokua afisa akaja akawapima, akasema hawana chochote.

Kisha akafariki mwanamke mmoja wa kanisa letu. Nilikuwa nimekuja kwa mazishi. Alfajiri mama aliosha mabeseni, akajifunga leso, akasimama langoni kuupokea wavu. Vijana wa kikundi walitokea kwa mzee jirani wameubeba mabegani, samaki wa mzee wakiwa kwenye ndoo. Walipofika mbele yetu walipunguza mwendo. Mmoja wao akamsalimia mama kwa heshima zote.

"Mama, wewe pumzika tu," akasema. "Watu wanaogopa samaki ya hapa."

Nilimtazama mama nikingoja aseme ukweli. Neno moja tu lingetosha. Aliwashukuru, akawaambia waende salama, wakaendelea na njia yao. Nilichukua mabeseni mikononi mwake.

"Siku zote hizi walikuwa wanaleta wavu kwa baba yenu, hata akiwa kaburini," akasema. "Leo ndiyo nimekuwa mjane."