Nilinunua Gari la Milango Minne, Kaka Akapata Dereva

Admin, jina langu lizibe kabisa, maana Musoma ni ndogo na kaka yangu anapita kwenye ukurasa huu kila siku. Nina miaka 29, naishi Kigera, sijaoa. Ni fundi wa friji. Wateja wangu ni wauza samaki wa hapa na wenye mabucha wa Bunda, kwa hiyo barabara hiyo naipita karibu kila siku na mtungi wangu wa gesi. Miaka yote nilikuwa natumia pikipiki, mvua yangu, jua langu.

Mwaka jana nikajipapasa nikaona naweza kununua gari, la mtumba, na moja tu. Nisiwadanganye, nilitaka gari la mbio. Pombe sinywi, kilevi changu ndicho hicho. Mwisho nikabaki na mawili. Celica nyekundu ya milango miwili, ambayo naipenda tangu niko shule na mafuta inatumia kwa adabu. Na Altezza nyeupe ya milango minne, inayotaka mafuta zaidi. Kwa mfuko wangu na safari zangu za kila siku, Celica ndiyo ilikuwa saizi yangu.

Aliyenigeuza ni kaka yangu mkubwa, ana kazi ya ofisini Bunda. Aliniambia, "Milango miwili ni ya wahuni. Mama na goti lile ataingiaje nyuma?" Hapo alinipata. Ukinitajia mama mimi nimekwisha. Nikachukua Altezza, nikaipandisha springi kwa ajili ya barabara za vijijini, na Celica nikaiaga kwa macho.

Tangu hapo nikienda Bunda nampa kaka lifti. Anakaa nyuma, kushoto. Alisema mbele jua linamchoma, na nyuma anapata nafasi ya kufungua kompyuta yake. Baada ya muda mlango wake ukawa haufunguki kwa ndani. Basi tukifika ofisini kwake nashuka, nazunguka, namfungulia. Nikisema nitautengeneza ananiambia nisijisumbue, wateja wananisubiri. Nikaona kaka ananijali kweli. Mama, kwa taarifa yenu, amepanda gari hilo mara moja tu.

Hivi karibuni akaniomba nimpeleke Mugeta kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wake, yeye na rafiki zake wawili wa kazini. Nilifurahi, gari nikaliosha mwenyewe. Tulipofika nikamfungulia mlango kama kawaida, wakaingia ndani, mimi nikabaki kulisogeza gari kivulini. Nafika mlangoni, shangazi wa binti akanishika mkono kwa upole.

"Dereva, wewe njoo ukae huku jikoni. Tajiri wako ameshakaribishwa."

Nikacheka, nikamwambia mimi ni mdogo wake wa tumbo moja. Naye akacheka, akasema madereva huwaga wanajiita ndugu wa tajiri. Nikamtazama kaka kupitia pale mlangoni. Macho yetu yakakutana. Akainamia soda yake.

Walinipa paja la kuku, siwezi kuwalaumu. Wakati wa kuaga, baba wa binti alilizunguka gari langu, akalipiga kwa kiganja, akasema, "Mwenye gari hii, kwenye ng'ombe hatushindwani."

Njiani, baada ya kuwashusha wale rafiki, nikamuuliza. Hakukana. "Ukweni mtu anajipandisha kidogo, mdogo wangu. Vumilia mpaka ndoa ipite."

Ningevumilia. Lakini wazee wetu walipokwenda kupanga mahari, mimi sikuitwa, wakwe wakaongeza ng'ombe kwa sababu ya gari. Kaka akakubali bila kupepesa macho. Na hao wa nyongeza baba atawatoa zizini kwetu Butiama, katika wale aliokuwa ameniwekea mimi nioe mwaka huu. Nina binti wa watu ananisubiri, nimeshamwahidi. Kaka anasema mimi bado kijana, na ng'ombe huzaa.

Jumapili nikasema niutengeneze ule mlango walau nitulize mawazo. Nimeufungua tu, nikaona kile kidude cha pembeni, kinachowekwa ili watoto wasijifungulie, kimesukumwa. Ubovu haukuwepo. Nikakirudisha kwa kidole, mlango ukafunguka kwa ndani. Mimi sina mtoto, na kwenye kiti kile hakai mtu mwingine. Wanaume wenzangu mnisamehe, nililia.

Nikisema ukweli Mugeta, ndoa inaweza kuvunjika, na yule binti hana kosa lolote, mama naye ataniona muuaji wa furaha ya mwanawe. Nikinyamaza, mchumba wangu ataolewa na mwingine huku nikimtazama. Jana kaka ameniletea shati jeupe na tai nyeusi, kwa ajili ya kuendesha gari la maharusi. Alipima mwenyewe kwa shati langu la zamani, na limenienea vizuri. Lipo hapa kitandani nikiandika haya.

Nyie mnaonisoma, semeni nami kama ndugu. Nilivae?